Kutoka Heathrow kwenda mashariki mwa London: ubadilishe treni stesheni gani?

Kwenye ramani ya andagraundi ya London, stesheni za kubadilishia treni zimechorwa karibu zote kwa alama ileile: kiduara cheupe chenye ukingo mweusi. Ramani hiyo ilibuniwa na Harry Beck, mtu aliyezoea kuchora michoro ya nyaya za umeme, na wananchi walianza kugawiwa mwaka 1933. Uzuri wake ni kwamba haijali umbali. Inakuonyesha laini ipi inakutana na ipi, basi. Haikuambii kwamba kwenye kiduara kimoja utavuka jukwaa kwa hatua chache, na kwenye kingine utatembea ujia usioisha, upande ngazi za umeme mara mbili, utafute lifti iliyojificha kwenye kona, huku unaburuta mabegi mawili ya kilo 23 na mtoto amelala begani.

Kwa anayetua Heathrow na mwenyeji wake anakaa East Ham, Barking, Stratford, Leyton au Canning Town, suala hili lina uzito. Laini ya Piccadilly, ile ya buluu iliyokolea, inakuchukua kutoka uwanja wa ndege, lakini haifiki mashariki. Ikishavuka katikati ya jiji inakunja kaskazini kuelekea Cockfosters. Kwa hiyo lazima ushuke mahali ubadilishe. Wenyeji watakutajia stesheni nne: Hammersmith, Green Park, Holborn na King's Cross St Pancras. Kila mmoja ataitetea ya kwake kama timu ya mpira. Kuna pia njia ya tano, ya kuiacha Piccadilly kabisa na kupanda laini ya Elizabeth.

Msimamo wangu nautoa mapema: mwenye mizigo abadilishe kabla treni haijazama chini ya ardhi. Sababu iko kwenye historia ya mahandaki yenyewe.

Reli za juu na reli za chini

Chini ya London kuna reli za aina mbili. Za kwanza hazina kina kikubwa. Januari 1863 kampuni ya Metropolitan Railway ilifungua njia kati ya Paddington na Farringdon, na hiyo ndiyo reli ya kwanza ya abiria chini ya jiji popote duniani. Mafundi walichimba mtaro mkubwa barabarani, wakajenga kuta na dari la matofali, kisha wakafukia na kuirudisha barabara juu yake. Treni zilivutwa na injini za mvuke, na moshi ulihitaji pa kutokea, ndiyo maana hawakwenda chini sana. Laini za District, Circle, Metropolitan na Hammersmith & City ni za ukoo huo. Ukishuka ngazi kidogo tu, umeshafika kwenye jukwaa.

Aina ya pili ilikuja umeme ulipoweza kuvuta treni, kuanzia mwaka 1890. Hapa hakuna mtaro. Ni matundu ya mviringo yaliyotobolewa kwenye udongo wa mfinyanzi, chini kabisa ya misingi ya majengo. Piccadilly, Central, Jubilee, Northern na Victoria zinapita huko. Treni zake ni ndogo na dari lake limeinama pembeni, kwa hiyo mtu mrefu akisimama karibu na mlango hulazimika kuinamisha kichwa.

Kubadilisha kutoka laini ya chini kwenda ya juu ni kupanda, na kutoka ya chini kwenda nyingine ya chini mara nyingi ni kupanda halafu kushuka. Lakini Piccadilly ina tabia ya pekee. Ikitoka kwenye mahandaki ya Heathrow inakwenda sehemu kubwa ya upande wa magharibi ikiwa juu, kwenye mwanga wa jua, na inaingia shimoni tena baada tu ya stesheni ya Barons Court. Hammersmith iko kabla ya hapo. Green Park, Holborn na King's Cross ziko baada.

Kwa ufupi:

| Stesheni | Unahamia | Namna ya kubadilisha | Lifti |
|---|---|---|---|
| Hammersmith | District | Jukwaa hilohilo, upande wa pili | Zipo, ila hutazihitaji |
| Green Park | Jubilee | Ujia mrefu | Zipo |
| Holborn | Central | Ngazi za umeme | Hakuna |
| King's Cross | Hammersmith & City | Kupanda kutoka chini kabisa | Zipo, kwa kuzunguka |
| Elizabeth moja kwa moja | Huenda usibadilishe | Hakuna, au jukwaa hilohilo Whitechapel | Zipo |

Hammersmith

Reli ya District ilifika hapa mwaka 1874. Piccadilly ilikuja 15 Desemba 1906, na wakati huo Hammersmith ndiyo ilikuwa mwisho wake upande wa magharibi. Upande wa pili iliishia Finsbury Park. Laini zote mbili zilikuwa mkononi mwa kampuni moja, iliyoasisiwa na Charles Tyson Yerkes, Mmarekani aliyekuwa ametajirika kwa biashara ya tramu Chicago na kujipatia sifa mbaya hukohuko. Yerkes alifariki Desemba 1905, mwaka mmoja kabla ya Piccadilly kufunguliwa. Sehemu ya handaki la Piccadilly upande huu ilitokana na mpango wa zamani wa District wenyewe, waliotaka reli ya pili, ya haraka, ipite chini ya ile ya kwanza. Laini hizi mbili ni ndugu wa toka nitoke.

Mpangilio wa leo ulikuja mwaka 1932, Piccadilly iliporefushwa kwenda magharibi. Wahandisi wakaziweka reli nne sambamba: Piccadilly mbili katikati, District mbili pembeni. Katikati ya kila jozi kuna jukwaa moja pana, linalotazama reli pande zote mbili. Unashuka kwenye Piccadilly inayokwenda mjini, unageuka, unavuka jukwaa, na District inayokwenda mjini inasimama palepale mbele yako. Huoni ngazi wala geti. Kama treni mbili zimeingia pamoja, unatoka mlango huu na kuingia ule kabla dereva hajafunga.

Jengo la juu halina historia ya kukuvutia. Lile la zamani liliondolewa miaka ya 1990, pakajengwa maduka na kituo cha mabasi juu yake. Anayetaka uzuri asogee stesheni moja mbele, Barons Court, iliyofunguliwa 1905. Mpangilio wa majukwaa ni uleule, lakini jengo limebaki na vigae vyake vya rangi na, kwenye majukwaa, mabenchi ya mbao yenye jina la stesheni. Watu huwa wachache kuliko Hammersmith. Mimi huwaelekeza wageni Barons Court wakati wa jioni, saa za watu kutoka kazini, kwa sababu kusimama na mabegi Hammersmith saa hizo ni kuwa kikwazo cha njia. Ila Barons Court haina lifti ya kwenda nje, kwa hiyo kama una kiti cha magurudumu na huduma ikikatika ghafla, utakuwa umekwama jukwaani. Kwa huyo, Hammersmith.

Sasa mtego. Hammersmith ziko mbili. Ng'ambo ya barabara kuna stesheni nyingine yenye jina hilohilo, ya laini ya Hammersmith & City, ambayo ilianza mwaka 1864 na kuhamia hapo ilipo mwaka 1868. Laini hiyo nayo inakwenda Barking, kwa hiyo mgeni anayesoma ramani anaweza kuona ni jambo la akili kuhamia huko. Usifanye hivyo. Utapanda hadi juu, utoke getini, uvuke barabara yenye magari yanayozunguka pande zote, kisha uingie geti lingine. Ukiona mshale wa rangi ya waridi, rangi ya laini hiyo, upite. Wewe fuata kijani, rangi ya District, nayo iko mgongoni mwako.

Kasoro ya njia hii ni muda. District husimama kila mahali. Kutoka Hammersmith, East Ham ni kituo cha 26 na Barking ni cha 27. Lakini treni zake ni mpya kuliko za Piccadilly, zina kiyoyozi, zimeunganishwa behewa kwa behewa bila milango katikati, na Hammersmith mara nyingi utapata kiti, kwa sababu treni hiyo imeanzia Richmond au Ealing Broadway, si mbali. Ukishakaa na begi limeegemea goti, hata vituo 26 si adhabu. Utapita Westminster, Tower Hill, Whitechapel, na hutagusa begi hadi unapofika.

Na kama unakwenda Stratford au Leyton, bado Hammersmith inakufaa kwa sababu ya stesheni nyingine mbele: Mile End. Mwaka 1946 laini ya Central ilipofikishwa mashariki, waliipandisha hapo hadi ikalingana na District. Ndiyo stesheni pekee ya London iliyo chini ya ardhi ambapo laini ya kina kirefu na ya kina kifupi zinashiriki jukwaa. Unashuka kwenye District, unavuka jukwaa kama ulivyofanya Hammersmith, unaingia Central, na kituo kinachofuata ni Stratford. Umebadilisha treni mara mbili na kutoka upande mmoja wa London hadi mwingine bila kupanda ngazi hata moja.

Green Park

Hii ndiyo stesheni wanayopendekezewa wageni wengi, hasa wanaokwenda Stratford, Canning Town au North Greenwich. Kwa upande wa mashariki ina hoja nzito. Laini ya Jubilee ilirefushwa mwaka 1999 hadi Stratford, na stesheni zote za sehemu ile mpya, kuanzia Westminster, zilijengwa na lifti. Kutoka Green Park hadi Stratford ni vituo 11 tu. Ni treni ya haraka, inapita chini ya mto Thames zaidi ya mara moja, na kwenye stesheni za chini ya ardhi za sehemu hiyo kuna kuta za kioo zenye milango inayofunguka treni inaposimama. Mtoto hawezi kukimbilia relini. Kwa mzazi hilo si dogo.

Tatizo ni hapo Green Park penyewe, na chanzo chake ni mwaka 1906. Stesheni ilipofunguliwa iliitwa Dover Street, kwa sababu mlango wake ulikuwa karibu na mtaa huo, mashariki ya ulipo mlango wa sasa. Abiria walishushwa kwa lifti. Mwaka 1933 lifti ziliachwa, zikawekwa ngazi za umeme, ukumbi mpya wa tiketi ukachimbwa upande wa magharibi karibu na bustani, na jina likabadilishwa kuwa Green Park. Majukwaa ya Piccadilly, bila shaka, hayakuhama. Laini ya Victoria ilipokuja 1969 na Jubilee 1979, ziliwekwa karibu na ukumbi mpya. Matokeo yake, Victoria na Jubilee ni majirani, na Piccadilly iko peke yake mbali, imeunganishwa nazo kwa ujia mrefu wenye vigae, unaopinda na kujaa watu wanaotembea kasi kuliko wewe.

Kwa miguu mitupu ujia huo ni dakika chache. Ukiwa na begi lililovunjika gurudumu, utaujua urefu wake. Lakini ni sakafu, si ngazi, na tangu 2011, kabla ya Olimpiki za London, kuna lifti zinazofika majukwaa yote. Kwa hiyo siwezi kumkataza mtu Green Park. Ninachosema ni kwamba usiichague kwa sababu ramani inaonyesha kiduara kimoja. Ichague kwa sababu ya unakokwenda.

Mwenye muda apande hadi nje dakika tano. Mlango wa upande wa bustani umefunikwa kwa mawe ya Portland, na ndani yake unaona visukuku vya makombe ya baharini, mabaki ya viumbe wa mamilioni ya miaka. Chini ya hapo kuna visima vilivyochimbwa ili maji baridi ya ardhini yapoze hewa ya stesheni. Maana joto la laini za kina kirefu halitaniwi. Udongo umekuwa ukinyonya joto la treni kwa zaidi ya karne moja na sasa haupoi. Treni za Piccadilly zilizotengenezwa miaka ya 1970 hazina kiyoyozi. Anayetoka Tanga au Mombasa akidhani London ni baridi tupu, apande treni hiyo mwezi wa Julai saa kumi na moja jioni.

Stesheni moja kabla ya Green Park unapita Hyde Park Corner, na kati ya hizo mbili treni inapita mahali penye giza ambapo zamani palikuwa na stesheni, Down Street. Ilifungwa 1932 kwa kukosa abiria. Wakazi wa mtaa ule walikuwa matajiri wenye magari yao. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia iligeuzwa ofisi za siri za wasimamizi wa reli, na Churchill naye alijificha humo wakati London ikipigwa mabomu. Treni haisimami, lakini ukichungulia dirishani unaweza kuona ukuta ukibadilika.

Holborn

Mwenye begi la mgongoni tu, anayekwenda Leyton, Leytonstone au Stratford kwa haraka, Holborn ni yake. Mwenye zaidi ya hapo aiache.

Piccadilly ilipofunguliwa 1906 ilipita hapa, lakini Central, iliyoanza kazi mwaka 1900, haikusimama. Ilikuwa na stesheni yake si mbali, iliyoitwa British Museum. Kampuni mbili, stesheni mbili, na abiria alilazimika kutoka nje atembee barabarani. Suluhisho lilichukua miaka zaidi ya 25: Septemba 1933 Central iliwekewa majukwaa Holborn, na British Museum ikafungwa siku iliyotangulia. Kwa kuwa handaki la Central lilikuwa tayari limechimbwa na haliko kina kimoja na la Piccadilly, walichoweza kufanya ni kuziunganisha kwa ngazi za umeme. Ndivyo ilivyo hadi leo. Unapanda kutoka Piccadilly hadi ukumbi wa katikati, unafuata mabango mekundu ya Central, unashukia jukwaani. Lifti hakuna.

Ngazi za Holborn za kwenda nje ni ndefu kiasi kwamba kuanzia 2015 wasimamizi walijaribu kuvunja mila kubwa kuliko zote za andagraundi, ile ya kusimama kulia na kuacha kushoto kwa wanaotembea. Waliwaomba watu wasimame pande zote mbili, kwa hoja kwamba kwenye ngazi ndefu wanaotembea ni wachache, na nusu ya ngazi inabaki tupu. Hesabu iliwaunga mkono: watu wengi zaidi walipita. Wakazi wa London walikasirika, na mila ikarudi. Wewe simama kulia.

Kwa mpenzi wa historia, Holborn ina jukwaa lililokufa. Kuanzia 1907 kulikuwa na tawi fupi la kwenda Aldwych, stesheni moja tu, lililofungwa 30 Septemba 1994. Wakati wa vita, mahandaki yake yalihifadhi vitu vya thamani vya makumbusho ya British Museum.

King's Cross St Pancras

Laini sita zinakutana hapa, na hakuna stesheni nyingine ya andagraundi yenye idadi hiyo. Ilikuwepo siku ya kwanza kabisa, Januari 1863. Piccadilly ikaongezwa 1906, Northern 1907, Victoria 1968. Kila laini ilichimbwa pale ilipowezekana kupita, na majukwaa yale ya 1863 yenyewe yalihamishiwa magharibi mwaka 1941. Hakuna aliyewahi kukaa chini akaichora stesheni hii kama kitu kimoja. Imekua tu.

Jioni ya 18 Novemba 1987, muda mfupi kabla ya saa mbili usiku, ubovu wa mpangilio huo ulionekana kwa namna ya kutisha. Kijiti cha kiberiti kilidondoka kwenye pengo la ngazi ya umeme ya Piccadilly, ngazi ya mbao ya enzi za kabla ya vita, kikatua kwenye grisi na uchafu uliorundikana chini. Kuvuta sigara kwenye stesheni za chini ya ardhi kulikuwa kumeshapigwa marufuku miaka miwili kabla, lakini watu walikuwa na tabia ya kuwasha wakiwa kwenye ngazi, wakielekea nje. Moto ulionekana mdogo. Treni ziliendelea kusimama na kushusha abiria, na baadhi walielekezwa juu kwa ngazi za Victoria, ambazo ziliishia kwenye ukumbi uleule wa tiketi. Kisha, ndani ya dakika chache, mwali uliruka na kuujaza ukumbi. Watu 31 walifariki, akiwemo Colin Townsley, afisa wa zimamoto aliyeingia kusaidia.

Uchunguzi ulioongozwa na Desmond Fennell uligundua jambo ambalo wanasayansi hawakulitarajia. Mtaro wa ngazi, ulioinama, uliufanya mwali ulale na kutambaa juu ya mbao badala ya kusimama wima, ukizipasha moto zilizo mbele yake hadi zote zikashika kwa pamoja. Baada ya hapo ngazi za mbao zilianza kung'olewa kwenye mtandao mzima. Ya mwisho iliondolewa mwaka 2014 huko Greenford. Na King's Cross ikajengwa upya kidogokidogo: ukumbi wa magharibi 2006, wa kaskazini 2009, lifti 2010. Kumbi nyingi maana yake ni kwamba watu hawabanwi tena kwenye mlango mmoja.

Lakini kumbi nyingi pia maana yake ni kuzunguka. Kutoka jukwaa la Piccadilly hadi Hammersmith & City unatoka chini kabisa hadi karibu na barabara, na njia ya lifti si njia fupi. Ukishafika, faida ipo: Barking ni kituo cha 15 badala ya 27. Ila kumbuka umeshakaa kwenye Piccadilly muda mrefu zaidi, ukiwa umepita katikati ya jiji ndani ya treni iliyojaa. Muda unaookoa unaulipa kwa miguu. King's Cross naipendekeza kwa mtu mmoja tu: anayeshuka hapo kwa shughuli nyingine, kwa mfano anayepokea mgeni wa treni ya Eurostar kutoka Paris au Brussels. Hakuna sababu nyingine ya kumpeleka mchovu pale.

Na laini ya Elizabeth?

Hii ndiyo iliyoharibu hesabu za watu wote waliokuwa wamekariri njia. Sehemu yake ya kati ilifunguliwa 24 Mei 2022, na Novemba mwaka huo treni za kutoka Heathrow zikaanza kupita moja kwa moja hadi mashariki. Imechimbwa na watu wenye kompyuta, si kwa bahati za Yerkes. Majukwaa yana urefu wa zaidi ya mita 200, treni zina kiyoyozi na nafasi ya mabegi, na stesheni zote zina lifti.

Uangalie jambo moja: laini inagawanyika baada ya Whitechapel. Tawi moja linakwenda Stratford, Ilford, Romford hadi Shenfield. Jingine linakwenda Canary Wharf, Custom House, Woolwich na Abbey Wood. Treni zinazoanzia Terminal 5 na zinazoanzia Terminal 4 haziendi tawi moja, kwa hiyo soma ubao kabla ya kupanda. Ukikosea, hakuna hasara kubwa. Shuka Whitechapel, ubaki jukwaa hilohilo, subiri treni ya tawi lako. Whitechapel yenyewe ni kichekesho cha ujenzi: treni za Overground, ambazo jina lake linasema ni za juu, zinapita chini ya zile za District.

Kasoro ni bei. Nauli ya Elizabeth kutoka Heathrow ni kubwa kuliko ya Piccadilly, na kwa familia ya watu wanne tofauti hiyo inaonekana. Pia haifiki East Ham wala Upton Park. Utahitaji kuhamia District pale Whitechapel, na hapo sasa unapanda kutoka kina kirefu, ingawa kwa lifti.

Ningekupangia hivi

Unakwenda East Ham, Upton Park, Plaistow au Barking na una mizigo: Hammersmith au Barons Court, sina mjadala. Woolwich, Ilford au Romford: Elizabeth, ulipe. Stratford ndiyo penye ubishi wa kweli. Mwenye fedha apande Elizabeth. Mwenye kuhesabu senti na mizigo mizito apite Hammersmith na Mile End. Mwenye mizigo ya wastani na haraka, Green Park. Canning Town ni Green Park, na kutoka hapo unaweza kuendelea na DLR, reli nyepesi ya mashariki mwa London. Leyton ukiwa na begi moja, Holborn.

Kuna hali moja inayopindua yote haya: ndege inayotua usiku wa Ijumaa au Jumamosi. Usiku huo Piccadilly, Jubilee na Central zinaendelea kukimbia hadi asubuhi, lakini District na Hammersmith & City zinalala. Mtu akikuambia Hammersmith saa nane usiku atakuacha umesimama kwenye jukwaa tupu. Hapo Green Park inashinda bila mpinzani. Huduma hiyo ya usiku haifiki Terminal 4, kwa hiyo angalia tiketi yako inasema unatua wapi. Na wikiendi za kawaida, kagua kwanza kama laini yako haijafungwa kwa matengenezo. Hufungwa mara nyingi kuliko mgeni anavyotarajia.

Na mwenyeji anayekuja kukupokea Hammersmith asikusubiri nje getini, kwa sababu hutatoka. Mwambie aingie hadi jukwaa la treni za kwenda mjini, asimame mwishoni upande wa mbele. Wewe panda behewa la mbele kabisa tangu Heathrow.